Binti hajavunja ungo, na tatizo liko kichwani: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Mama akiingia kliniki na binti wa miaka kumi na sita ambaye hajaona siku zake, karibu kila mara mkono wake huenda kwenye tumbo la binti. "Ni hapa, nesi. Kizazi kimefunga." Mara nyingine huwa kweli tatizo liko hapo chini. Lakini wapo mabinti ambao kizazi chao hakina neno, mayai yamo, na kinachokosekana ni amri kutoka ubongoni. Ukurasa huu ni wa hao.

Binti anahesabiwa amechelewa akiwa na umri gani?

Shika umri wa aina mbili. Kama ana miaka 13 na matiti hayajaanza kuota kabisa, apelekwe hospitali, usingoje hedhi. Kama matiti yameota lakini ametimiza 15 bila hedhi, apelekwe pia. Kuna hesabu ya tatu ambayo wengi hawaijui: kwa kawaida hedhi huja miaka miwili hadi miwili na nusu baada ya matiti kuanza, kwa hiyo ikipita miaka mitatu tangu yalipochomoza, hata kama bado ana 14, mpeleke.

Vitabu vya zamani viliandika 16. Takwimu za Marekani zinaonyesha kuwa kufikia miaka 15, wasichana wapatao 98 kati ya 100 huwa wameshavunja ungo, ndiyo maana umri ukashushwa. Ukiambiwa "mngoje afike kumi na nane", tafuta mtu mwingine wa kumuuliza.

Ubongo unahusika vipi na damu ya hedhi?

Katikati ya kichwa, nyuma ya macho, kuna sehemu ndogo ya ubongo iitwayo haipothalamasi. Chini yake imening'inia tezi ya pituitari, ukubwa wake kama punje ya njegere. Haipothalamasi hutoa homoni iitwayo GnRH. Pituitari ikiipata, hutoa homoni mbili, FSH na LH, zinazosafiri na damu hadi kwenye ovari, yaani vifuko vya mayai. Ovari nazo ndipo hutengeneza estrojeni, ile inayootesha matiti, kupanua nyonga na kujenga utando wa ndani wa kizazi ambao baadaye hutoka kama hedhi.

Jambo la ajabu ni kwamba GnRH haitoki mfululizo kama maji ya bomba. Hutoka kwa mdundo: inatoka, inanyamaza, inatoka tena, takriban kila saa moja hadi saa moja na nusu. Mwaka 1978 mwanasayansi Ernst Knobil na wenzake walionyesha jambo hili kwa nyani. Walipowapa GnRH bila kukatiza, pituitari ilizima. Walipowapa kwa mdundo wa mara moja kwa saa, ikaamka. Tangu utotoni hadi karibu na balehe mdundo huo huwa umelala. Kinachouamsha kwa sehemu kubwa ni kemikali iitwayo kisipeptini, ambayo jeni yake iligunduliwa mwaka 1996 katika mji wa Hershey, Pennsylvania, ikapewa jina la chokoleti zinazotengenezwa hapo. Kazi yake kwenye balehe ilijulikana baadaye, 2003. Wanasayansi nao wana utani wao.

Basi mdundo usipoamka, au pituitari ikiwa imebanwa, ovari hukaa tu kama wapishi ambao hakuna aliyewaletea unga.

Bibi yake anasema ni chango. Tumpe dawa ya chango kwanza?

Hapana, na sisemi hivi kwa kumdharau bibi. "Chango la uzazi" ni jina linalobeba mambo mengi: maumivu, kutoshika mimba, damu kutotoka. Kwa vile ni jina la kila kitu, haliwezi kukuambia kitu kimoja. Kuna shida mbili zaidi. Ya kwanza ni muda. Nimeona mabinti waliozunguka na chupa za mizizi miaka mitatu huku mifupa yao ikikosa estrojeni katika umri ule ule inapotakiwa kujengwa. Ya pili ni lawama. Akiambiwa amefungwa, au ana jini, huanza kutafutwa aliyemfunga, na mara nyingi anayetajwa ni shangazi.

Binti yangu hajaota matiti, na nimegundua hasikii harufu. Kuna uhusiano?

Upo, na ni dalili ninayotamani kila mzazi aijue.

Mimba ikiwa changa sana, chembe zitakazotoa GnRH hazianzii ubongoni. Huanzia puani, kisha husafiri kuelekea kwenye ubongo zikifuata njia ya mishipa ya kunusa. Njia hiyo isipojengwa vizuri, mambo mawili hukosekana pamoja: kunusa, na amri ya balehe. Hali hii inaitwa sindromu ya Kallmann, kwa jina la Franz Josef Kallmann aliyeieleza mwaka 1944 kuwa inarithiwa, ingawa daktari Mhispania Aureliano Maestre de San Juan alikuwa ameona dalili zake kwenye maiti tangu 1856. Hupatikana zaidi kwa wavulana kuliko wasichana, na hiyo ni sababu moja ya wasichana kusahauliwa.

Mtu ambaye hajawahi kunusa hajui kuwa hanusi. Binti mmoja alikulia katika nyumba iliyoanika karafuu uani kila msimu. Alipoulizwa kama anasikia harufu, akajibu "ndiyo" bila kusita. Nesi akamfumba macho na kitambaa, akamletea karafuu zilizopondwa chini ya pua. Akanyamaza. Akaletewa kahawa, akanyamaza. Ndipo mama yake akakumbuka kwamba mara mbili maharage yaliungua hadi sufuria ikawa nyeusi na binti amekaa hapo hapo jikoni anafanya hesabu zake za shule. Akachapwa kwa uzembe.

Unaweza kujaribu nyumbani: karafuu, kahawa, sabuni ya kuogea, ganda la chungwa. Usitumie spiriti, siki wala amonia. Hivyo huchoma pua hata isiyonusa, na binti atasema anasikia kwa vile anahisi mchomo. Hakikisha pia hana mafua.

Wengine wana dalili za ziada: figo moja tu, mdomo sungura au paa la kinywa lililopasuka, usikivu hafifu, meno ambayo hayakuota, au mikono inayoigana, yaani akifunga kitufe kwa mkono wa kulia, wa kushoto nao unacheza vilevile. Na wapo wenye tatizo lile lile la GnRH lakini wananusa vizuri, kwa hiyo kunusa peke yake hakumwondoi binti kwenye orodha.

Ni mwanariadha. Kocha anasema ni kawaida wakimbiaji kuchelewa. Ni kweli?

Ni kawaida kwa maana ya kutokea mara nyingi. Si kawaida kwa maana ya kuwa salama.

Ubongo hupima akiba ya mwili kabla ya kuruhusu uzazi. Mafuta ya mwilini hutoa homoni iitwayo leptini, na leptini ikishuka haipothalamasi hufasiri kuwa kuna njaa, ikazima mdundo. Binti anayekimbia alfajiri na jioni, iwe Iten, mji wa wakimbiaji kule Kenya, au kwenye uwanja wa shule Arusha, kisha akala sahani ile ile ya mwenzake asiyekimbia, anaweza kuzima mdundo huo bila kuwa mwembamba wa kutisha. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilianza kulizungumzia kwa jina pana zaidi, upungufu wa nishati kwa wanamichezo, kwa sababu si hedhi tu inayoathirika: mifupa hupata nyufa, damu hupungua, hata mbio zenyewe hushuka.

Tiba ni chakula zaidi na mazoezi yaliyopunguzwa. Kidonge hakirudishi mdundo. Na kocha awemo kwenye mazungumzo, maana binti atamsikiliza yeye kabla yako.

Hali hiyo hiyo huwapata wasio wanamichezo: anayejinyima kula akiogopa kunenepa, aliye bweni anayeruka milo, mwenye huzuni nzito au msongo uliodumu. Binti akikuambia "sina njaa" kila siku, usichukulie kuwa ana adabu ya kula kidogo.

Matiti yametoa maziwa, na hajawahi kuwa na mimba. Ni nini?

Huenda homoni ya prolaktini imepanda. Ni homoni ya kunyonyesha, inatoka kwenye pituitari, na ikizidi huzima GnRH. Sababu zake ni tatu hasa.

Ya kwanza ni dawa. Haloperidoli na risperidoni za magonjwa ya akili, metoklopramidi na domperidoni za kuzuia kutapika, zote hupandisha prolaktini. Taja kila dawa anayotumia, ila usimwachishe mwenyewe. Dawa ya akili ikikatwa ghafla unaweza kuleta balaa kubwa kuliko ulilokimbia.

Ya pili ni tezi ya shingo kufanya kazi kwa uvivu. Binti anachoka, anapata choo kigumu, anahisi baridi wakati wengine wanajipepea, pengine ana rovu. Hapa tiba ni vidonge vya tezi, na mengi hujirekebisha.

Ya tatu ni uvimbe mdogo kwenye pituitari unaotengeneza prolaktini. Neno uvimbe huwaangusha wazazi kwenye kiti, kwa hiyo nasema mapema: aina hii karibu siku zote si saratani, na kwa wengi haipasuliwi. Hutibiwa kwa vidonge, kabagolini ambayo humezwa mara moja au mbili kwa wiki, au bromokriptini. Uvimbe husinyaa na hedhi ikaja.

Dalili gani zinamaanisha tusingoje hata wiki?

Kuumwa kichwa kunakoongezeka, hasa asubuhi, pamoja na kutapika. Kuona vibaya pembeni: binti anagonga fremu za milango, anamwaga vikombe vilivyo kando, anashtushwa na bodaboda iliyotokea ubavuni huku mbele anaona sawasawa. Kiu isiyokatika na kukojoa usiku kucha wakati kipimo cha sukari ni kizuri. Kuacha kurefuka, hata gauni la shule la miaka miwili iliyopita bado linamtosha.

Ukiona mawili kati ya haya, huenda kuna kitu kinabana pituitari na mishipa ya macho inayopita juu yake. Kwa watoto anayejulikana zaidi ni kraniofarinjioma, uvimbe usio saratani lakini uliokaa mahali pabaya. Huo unahitaji daktari wa upasuaji wa ubongo. Tanzania huduma hiyo ipo MOI, Taasisi ya Mifupa pale Muhimbili. Kenya, Kenyatta ni mojawapo ya hospitali zinazoitoa.

Ana selimundu. Inaweza kuwa ndiyo sababu?

Inaweza. Selimundu huchelewesha balehe, na wengi wao huvunja ungo nyuma ya wenzao bila kuwa na ugonjwa mwingine. Aliyeongezewa damu mara nyingi sana anaweza pia kulimbikiza madini ya chuma, ambayo hukaa hata ndani ya pituitari na kuiharibu. Mwulize daktari kuhusu kipimo cha feritini, kinachoonyesha akiba ya chuma mwilini. VVU vya tangu kuzaliwa visivyotibiwa vizuri, ugonjwa wa figo na utapiamlo wa muda mrefu navyo huchelewesha. Kifua kikuu kilichoingia kwenye utando wa ubongo, jeraha kubwa la kichwa au mionzi ya kutibu saratani ya kichwa vyaweza kuacha kovu kwenye haipothalamasi au pituitari, hata miaka kadhaa baadaye. Kwa hiyo historia ya "aliugua sana akiwa darasa la pili" si ya kusahau nyumbani.

Mimi mwenyewe nilivunja ungo nikiwa na miaka 16. Si amerithi tu?

Inawezekana kabisa. Kuchelewa kwa ukoo kupo, na watoto hao hufika salama. Ugumu ni kwamba kwa vipimo vya damu aliyechelewa kwa ukoo na mwenye upungufu wa kudumu wa GnRH hufanana: wote homoni zao ziko chini. Kinachowatenganisha mara nyingi ni muda, na kunusa. Ndiyo maana daktari anaweza kusema "rudi baada ya miezi sita". Huko ni kungoja kwa macho wazi, na kuna tarehe kwenye kadi.

Hospitali watajuaje kuwa ni kichwa, si kizazi?

Kwa kumtazama kwanza. Matiti ni ushahidi kuwa estrojeni imewahi kupita. Binti mwenye matiti kamili, asiye na hedhi, anayeumwa tumbo la chini kila mwezi kwa siku zile zile, huenda damu inatengenezwa lakini imezibwa na kizinda kisicho na tundu. Hilo ni la chini na hutatuliwa kwa upasuaji mdogo. Mwenye matiti kamili asiye na maumivu yoyote anaweza kuwa alizaliwa bila kizazi. Asiye na matiti kabisa ndiye anayetufanya tuwaze ovari au kichwa.

Halafu damu: FSH, LH, estradioli (ndiyo estrojeni kuu), prolaktini, homoni za tezi ya shingo. Hiki ndicho kipimo ninachopenda kuwaeleza akina mama, kwa sababu wanakielewa haraka kuliko wanafunzi wetu. Mama akimwita mtoto asiitikie, hupaza sauti. Vivyo hivyo, ovari zisipoitika, pituitari hupaza FSH, na karatasi inaonyesha namba kubwa. Hapo shida ni ovari, kwa mfano sindromu ya Turner. Lakini FSH ikiwa chini na estrojeni nayo chini, maana yake mtoto hajaitwa. Mwitaji ndiye mgonjwa.

Kisha picha ya eksirei ya mkono wa kushoto, kupima umri wa mifupa. Altrasaundi ya nyonga, kuona kizazi. Hapa nionye: kizazi ambacho hakijapata estrojeni huwa kidogo sana, na mpimaji asiyezoea anaweza kuandika "hakionekani". Nyumba moja ililia wiki nzima kwa karatasi hiyo, kumbe kizazi kilikuwepo, kimelala. MRI ya kichwa, picha inayoonyesha ubongo kwa ndani, hufuata pale prolaktini iko juu, dalili za kubanwa zipo, au homoni ziko chini bila maelezo.

Kwa nini wamempima mimba? Ni mtoto, na hajawahi hata kuona damu!

Kwa sababu yai laweza kutoka kabla ya hedhi ya kwanza. Msichana anaweza kushika mimba bila kuwahi kutumia pedi. Kipimo hiki hufanywa kwa kila mmoja, wa msikitini, wa kwaya na wa mtaani. Nesi akimwomba mama asubiri nje dakika tano, ampe nafasi hiyo. Yapo mambo ambayo binti atamwambia mgeni kwanza, ikiwemo kama kuna mtu anamdhuru.

Duka la dawa wameniuzia vidonge vya kuleta siku. Alitumia, damu haikutoka. Ina maana gani?

Vidonge hivyo huwa ni aina ya projesteroni. Huangusha utando wa kizazi kama upo. Estrojeni isipokuwepo hakuna utando, basi hakuna cha kuanguka. Damu kutotoka ni habari muhimu kwa daktari, wala haimaanishi kipimo kiongezwe. Na hata ingetoka, ingekuwa imetolewa na kidonge. Ubongo ungebaki ulivyo. Damu si tiba.

Matibabu yenyewe yakoje?

Hutegemea chanzo: chakula kwa mwenye njaa, kabagolini kwa mwenye prolaktini, upasuaji kwa mwenye uvimbe unaobana. Ambaye amri haitakuja yenyewe hupewa estrojeni, kidonge au plasta ya kubandika kwenye ngozi, ikianza na dozi ndogo sana na kupandishwa polepole kwa miaka miwili hadi mitatu. Projesteroni huongezwa baadaye, damu inapoanza au baada ya takriban miaka miwili.

Polepole hiyo huwachosha watu. Wengine hukimbilia vidonge vya uzazi wa mpango ili damu ije mwezi ujao. Damu itakuja, ila dozi kubwa ya ghafla na projesteroni mapema vyaweza kuharibu umbo la matiti lisikamilike. Bora apande ngazi moja moja.

Atazaa?

Hili huulizwa kwa sauti ya chini, mlango umeshafungwa. Kwa wengi wenye tatizo la kichwani jibu ni kwamba inawezekana. Ovari zao hazijaharibika, zinangoja. Akitaka mtoto, atapewa sindano za FSH na LH, au pampu ndogo inayotoa GnRH kila dakika 90 hivi, kwa kuiga mdundo ule wa asili. Ni gharama na pampu haipatikani kila mahali. Lakini posa isikataliwe wala kuharakishwa kwa sababu ya karatasi ya maabara.

Mimi ndiye binti mwenyewe. Wenzangu bwenini wote wana pedi. Nifanyeje wakiuliza?

Huna deni la kumjibu mtu. Wapo wanaobeba pedi kwenye begi ili wasiulizwe. Si uongo mkubwa, na siku ukiihitaji utakuwa nayo. Tafuta mtu mzima mmoja unayemwamini, matroni, mama mdogo, mwalimu wa kike, umwambie ukweli wote mara moja.

Achezwe unyago au asubiri?

Ukoo ndio unaoamua, mimi nasema ninachokiona. Binti aliyeachwa nyuma wakati wadogo zake wanaitwa wali huumia kuliko anavyoonyesha. Yapo makungwi waliokubali kumfunda bila kungoja damu, na hakuna lililoharibika. Somo akielezwa kuwa binti anatibiwa, mara nyingi ndiye anayekuwa mlinzi wake wa kwanza.

Siku ya kwenda nibebe nini?

Kadi ya kliniki ya utotoni kama bado ipo, kwa ajili ya uzito na urefu. Orodha ya dawa zote, pamoja na za mitishamba, hata zile unazoona aibu kuzitaja. Umri uliovunja ungo wewe, dada zako, na umri baba yake alipoanza kuota ndevu. Mwezi matiti yalipoanza, kama yalianza. Kadi ya bima. Na kama ana picha za MRI za zamani, zibebe zenyewe, si majibu peke yake. Ziweke bapa kati ya makaratasi mawili magumu, maana zikikunjwa mara nne kwenye pochi, mkunjo hupita katikati kabisa, pale pale pituitari ilipo.